Kivuli cha Pikseli Moja

Januari 1984, kampuni ya Apple ilipoitoa Macintosh sokoni, skrini yake ilikuwa na upana wa pikseli 512 na kimo cha pikseli 342, na kila pikseli ilikuwa na hali mbili tu: nyeusi au nyeupe. Kijivu hakikuwepo. Aliyekitaka ilimbidi atawanye nukta nyeusi katikati ya nyeupe na kuliachia jicho lizichanganye lenyewe. Katika umaskini huo wa rangi, waliochora madirisha ya mashine ile waliamua kutumia nukta zao chache kwa jambo lililoweza kuonekana anasa. Kila menyu iliyoshuka na kila dirisha lililofunguka liliongezewa mstari mweusi wa pikseli moja upande wa kulia, na mwingine upande wa chini. Basi. Mstari huo mwembamba ukaifanya menyu ionekane imeelea, na mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta akaelewa bila kufundishwa kwamba kilichofunikwa bado kipo, na kitaonekana tena menyu ikifungwa.

Ufundi wa kutia vivuli na kina katika violesura, yaani sura ya programu ambayo mtu huiona na kuigusa, umeanzia mbali na umefika mbali. Wengi huuhesabu kuwa ni urembo, kitu cha kuongezwa mwishoni muda ukiruhusu. Ukichunguzwa vizuri, kazi yake ya kwanza ni kutoa habari. Kivuli humwambia mtu kipi kiko juu ya kipi, kipi kinabonyezeka, kipi ni cha kudumu na kipi kimepita njia tu, na humwambia hayo kabla hajasoma neno hata moja. Fundi wa kazi hii hupimwa kwa ukweli wa habari anayoitoa.

Nguvu ya mstari ule mmoja imo kichwani mwa mtazamaji. Mwaka 1786 David Rittenhouse, mwanafalaki wa Philadelphia, alieleza jinsi mashimo na vinundu vinavyobadilishana sura mtu akivitazama kwa lenzi zinazopindua picha, kutegemea upande anaodhani mwanga unatokea. Karne mbili baadaye, mwaka 1988, Vilayanur Ramachandran wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alichora miduara iliyojazwa kijivu kinachokolea taratibu kutoka juu kwenda chini. Mduara wenye weupe juu ulionekana umevimba, wenye weupe chini ulionekana umebonyea. Ukurasa ukigeuzwa juu chini, vilivyovimba vikabonyea na vilivyobonyea vikavimba. Ubongo wa binadamu, uliokulia chini ya jua, huchukulia kwamba mwanga ni mmoja na unatoka juu, na huifanyia kazi imani hiyo bila kumwuliza mwenyewe. Mwaka 1998 Jennifer Sun na Pietro Perona waliongeza jambo dogo la kushangaza: watu wengi hudhani mwanga huo unatoka juu, kidogo upande wa kushoto.

Msomaji anaweza kulihakiki hili kwa picha ya mashimo ya mwezini ambamo mwanga unatoka juu. Akiigeuza juu chini, mashimo yataonekana kama vilima.

Wachoraji wa violesura walikuwa wameanza kuitumia imani hiyo ya jicho hata kabla matokeo hayo ya 1998 hayajachapishwa. Oktoba 1988 Steve Jobs, akiwa nje ya Apple, alizindua kompyuta ya NeXT. Skrini yake ilikuwa na ngazi nne tu: nyeupe, kijivu hafifu, kijivu kizito na nyeusi. Nne zilitosha. Ukingo wa juu na wa kushoto wa kitufe ulipakwa nyeupe, wa chini na wa kulia ukapakwa rangi nzito, uso wa katikati ukabaki kijivu hafifu, na kitufe kikatokeza kama kitu cha kushikika. Ni kwenye kompyuta ya NeXT ambako Tim Berners-Lee, akiwa katika maabara ya CERN mwaka 1990, aliandika kivinjari cha kwanza cha wavuti, na hivyo kurasa za mwanzo kabisa za wavuti zilisomwa ndani ya madirisha yenye vitufe vya namna hiyo.

Mwaka 1989 ukaja Motif, mfumo wa violesura wa kompyuta za Unix, ukiwa na hesabu yake. Mwandishi wa programu alichagua rangi moja ya uso wa kitufe, na mfumo wenyewe ukakokotoa rangi ya ukingo unaopata mwanga na ya ukingo ulio kivulini. Windows 3.0 ikafuata mwaka 1990, kisha Windows 95 ikaieneza sura hiyo duniani kote. Kizazi kizima cha watumiaji, wakiwemo waliojifunzia kompyuta Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kilibonyeza vitufe vya kijivu vilivyoangazwa na taa isiyoonekana kwenye pembe ya juu kushoto.

Uzuri wa kazi ile ulikuwa katika uchache wake. Kitufe kilipobonyezwa, rangi ya ukingo wa juu na ya ukingo wa chini zilibadilishana nafasi, na maandishi yakasogezwa pikseli moja chini na pikseli moja kulia. Hakuna kingine kilichobadilika, na bado kidole kilihisi kwamba kitu kimezama. Mchonga milango wa Lamu au Unguja anaifahamu siri hii. Yeye hapaki rangi kwenye maua yake. Hukata mbao kwa kina kinachofaa na kuuachia mwanga wa mchana umalizie. Tofauti ni kwamba mchoraji wa kitufe hana mbao wala jua. Anacho kile tu ambacho mbao na jua vingezaa pamoja, na ni lazima akikumbuke kwa usahihi.

Hadi hapo, ukiacha mistari ya Macintosh, vilikuwa vivuli vya aina moja: kiza cha upande wa kitu usiopata mwanga. Aina ya pili ni kivuli ambacho kitu hukitupa juu ya kitu kingine. Hiki ni kigumu zaidi, kwa sababu ndani yake kuna umbali. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo karne ya kumi na moja, alikiandikia risala maalumu. Leonardo da Vinci alijaza kurasa za madaftari yake kwa michoro ya miale, tufe na kuta, akitafuta jinsi kivuli kinavyoanza kikiwa kizito na kuishia kikiwa hafifu. Kabla yake, miaka ya 1420, Masaccio alipochora kuta za kikanisa cha Brancacci mjini Florence, aliuelekeza mwanga wa michoro yake ukubaliane na dirisha halisi la kikanisa chenyewe, ili anayeingia aone watu waliochorwa wakiangazwa na jua lile lile linalomwangaza yeye.

Kanuni yenyewe ni ya kimaumbile na haina siri. Jua si nukta. Likitazamwa kutoka duniani lina upana wa takriban nusu digrii. Kwa hiyo kivuli chake kina kiini kizito, ambako jua lote limezibwa, na pembezoni mwake kuna utusitusi, ambako sehemu tu ya jua imezibwa. Utusitusi huo hupanuka karibu sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali kati ya kitu na uso kinapoangukia kivuli. Kiganja kikiegemezwa ukutani, kivuli chake kina ukingo mkali. Kikisogezwa mbali, mambo matatu hutokea kwa pamoja: kivuli kinahama kutoka kilipokuwa, ukingo wake unalainika, na weusi wake unapungua, kwa kuwa mwanga uliotawanyika angani na kwenye kuta za jirani unapata nafasi ya kupenya chini ya kiganja.

Mambo hayo matatu huenda pamoja, na hapo ndipo fundi mzuri anapotengana na mbaya. Kivuli kilichohama mbali huku ukingo wake ukiwa mkali kama umekatwa kwa wembe hudai kwamba kitu kiko juu sana na kwamba kimegusa chini, yote kwa wakati mmoja. Kivuli kipana na laini chenye weusi wa makaa humchosha mtazamaji bila yeye kujua kinachomchosha. Na skrini ambamo kitufe kimoja kimeangazwa kutoka kushoto na kadi ya jirani kutoka kulia ni chumba chenye majua mawili. Mtumiaji hatalitaja kosa hilo kwa jina. Ataona tu kwamba programu ile ina kitu kisichokaa sawa.

Nguvu ya kivuli kinachotupwa ilithibitishwa mwaka 1997 na Daniel Kersten, Pascal Mamassian na David Knill, kwa jaribio ambalo kila mbunifu wa violesura anafaa kulijua. Walitengeneza kwa kompyuta picha inayotembea ya mpira ndani ya sanduku, ukisafiri mshazari kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Katika toleo la kwanza kivuli kiliufuata mpira kwa karibu, na watazamaji wakaona mpira unateleza sakafuni kuelekea nyuma ya sanduku. Katika toleo la pili kivuli kilisafiri mlalo, kikiachana na mpira kidogo kidogo, na watazamaji wakaona mpira unapaa hewani. Mpira wenyewe haukubadilika ukubwa wala njia katika matoleo hayo mawili. Kivuli peke yake ndicho kilichoamua uko wapi.

Watengenezaji wa michezo ya kompyuta walikuwa wamelifahamu hilo kwa vitendo. Katika Super Mario 64 ya mwaka 1996, Mario akiruka, doa jeusi la mviringo hubaki sakafuni chini yake moja kwa moja. Kifizikia si kivuli cha kweli, kwani doa hilo halifuati taa yoyote ya mchezo. Lakini mchezaji anayetaka kutua juu ya jiwe dogo hulitazama doa lile kuliko anavyomtazama Mario mwenyewe.

Kulijua jambo ni kitu kimoja, kuifanya mashine ilitekeleze ni kingine. Kivuli laini si rangi ya kupaka. Ni weusi wenye uwazi, unaopaswa kuchanganyika na chochote kilicho chini yake, kiwe maandishi, picha au kivuli kingine. Msingi wa hesabu hiyo uliwekwa mwaka ule ule wa Macintosh. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa katika kampuni ya filamu ya Lucasfilm, walichapisha kanuni za kuunganisha picha kwa kuipa kila pikseli namba ya nne, inayoitwa alfa, yenye kueleza imefunika kiasi gani cha kilicho nyuma yake. Wazo la namba hiyo lilikuwa limebuniwa miaka michache nyuma na Ed Catmull na Alvy Ray Smith. Filamu zililitumia mapema. Meza za ofisini zilisubiri miaka kumi na saba.

Kilichochelewesha ni kumbukumbu. Mifumo mingi ya zamani ilichora madirisha yote katika eneo moja la kumbukumbu, na dirisha lililofunikwa lilipoteza nukta zake zilizofunikwa. Lilipofunuliwa, programu iliamriwa ijichore upya. Katika mpango kama huo kivuli laini hakina cha kuchanganyika nacho. Mac OS X, iliyotoka Machi 2001, ililipa kila dirisha haki yake: kila moja lilihifadhiwa zima mahali pake, kisha mfumo ukayapanga yote kama karatasi angavu juu ya meza, mara nyingi kwa sekunde. Vivuli vipana na laini vikazaliwa siku hiyo. Dirisha linalotumika likapewa kivuli kikubwa kuliko mengine, na mtu akajua maandishi anayopiga yanaingia wapi bila kutafuta alama nyingine. Kazi hiyo ilikuwa nzito mno kwa mashine za wakati huo, hata toleo la 10.2 la Agosti 2002 likaihamishia kwenye chipu ya michoro. Linux na Windows Vista zikafuata njia hiyo kabla muongo haujaisha.

Kwenye wavuti hali ilikuwa ya mkono zaidi. Kwa miaka mingi mtengeneza kurasa aliyetaka kivuli alikichora kwanza katika programu ya picha, akakikata vipande, pembe nne na kingo nne, kisha akavipanga kuzunguka kisanduku chake kwa uangalifu mkubwa. Kisanduku kikibadilika ukubwa, kazi ilianza upya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 vivinjari vikuu vyote vilikuwa vimekubali amri moja ya mstari mmoja: kivuli kihame kiasi gani kwa mlalo, kiasi gani kwa wima, kiwe na ukungu kiasi gani, kipanuke au kisinyae kiasi gani, na kiwe na rangi gani. Namba nne na rangi moja. Anayezijua vizuri namba hizo anaweza kuipandisha karatasi milimita moja kutoka mezani au kuipeleka karibu na dari.

Ukungu wenyewe una hesabu inayostahili sifa zake. Ili ukingo ulainike, kila pikseli huchukua wastani wa majirani zake, wa karibu wakihesabiwa zaidi na wa mbali wakihesabiwa kidogo, kwa uzito unaofuata umbo la kengele lenye jina la Carl Friedrich Gauss. Ukungu unaotazama mraba wa nukta 61 kwa 61 unadai hesabu 3,721 kwa kila pikseli moja. Bahati njema ni kwamba kengele ya Gauss inakubali kugawanywa: kwanza wastani wa mlalo, kisha wastani wa wima, na 3,721 zinakuwa 122. Njia nyingine ni kuchukua wastani wa kawaida, usiobagua wa karibu na wa mbali, na kuurudia mara tatu. Matokeo yake yanaikaribia kengele kiasi kwamba jicho halitofautishi. Evan Wallace, mmoja wa waanzilishi wa programu ya ubunifu ya Figma, alionyesha kwamba kwa mstatili hata majirani hawahitajiki, kwani weusi wa kila pikseli unaweza kupatikana moja kwa moja kwa fomula. Mwaka 2020 mwandishi wa programu Raph Levien alichapisha makadirio ya haraka kwa mistatili yenye pembe za mviringo, ambazo ndizo pembe za karibu kila kadi na kitufe cha leo. Watu hawa walikuwa wakitafuta namna ya kupunguza sehemu ndogo ya sekunde na chembe ya betri kwa kitu ambacho mtumiaji hatakitazama moja kwa moja hata mara moja. Mapenzi ya kazi hupimwa hivyo.

Kisha wabunifu wakavichoka vivuli. Vilikuwa vimezidi: ngozi ya kuigiza yenye mishono kwenye kalenda, rafu za mbao za kuwekea vitabu, vitufe vinavyong'aa kama peremende. Microsoft ilitangulia kuvifuta katika Windows Phone 7 ya mwaka 2010, na Septemba 2013 Apple ikatoa iOS 7, bapa na nyeupe. Ilikuwa safi, na ilipumzisha macho. Lakini vitufe vingi vilibaki maandishi ya rangi yasiyo na mpaka, na watu wakaanza kuuliza kipi kinabonyezwa. Machi 2014, katika iOS 7.1, Apple iliongeza chaguo la kurudisha maumbo ya vitufe kwa wanaoyahitaji. Habari iliyokuwa imebebwa na kivuli ilikuwa imeondolewa pamoja na urembo, na pengo lake likaonekana.

Jibu lenye mawazo mapana zaidi lilitoka Google mwezi Juni 2014, chini ya uongozi wa Matías Duarte, kwa jina la Material Design. Wabunifu wake walikata karatasi halisi, wakazipanga tabaka juu ya tabaka, wakazimulika taa na kutazama kilichotokea. Wakatunga kanuni kutokana na walichokiona. Kila kitu kwenye skrini ni karatasi yenye unene, iliyo katika mwinuko maalumu. Kadi iliyotulia iliwekwa kwenye kipimo cha 2, mwambaa wa juu wa programu kwenye 4, kitufe cha duara kinachoelea kwenye 6, kisanduku cha mazungumzo kwenye 24. Kila kipimo ni sehemu ya 160 ya inchi. Juu yao kuna mianga miwili: mmoja wa taa kuu inayotupa kivuli chenye mwelekeo, na mwingine uliotawanyika, unaozungushia kila kitu kivuli laini pande zote.

Android 5.0 iliitekeleza kanuni hiyo ndani ya mfumo wenyewe mwaka huo huo, na hapo ufundi ulibadilika kwa kina. Mwandishi wa programu aliacha kuchora kivuli. Aliandika mwinuko, na kivuli kikafuata chenyewe. Taa kuu ikiwa upande wa juu wa skrini, kadi iliyo chini ya skrini hurefusha kivuli chake kidogo kuliko iliyo juu, na kadi inaposogezwa kivuli hubadilika nayo. Sababu ikatangulia, matokeo yakafuata, kama ilivyo mezani. Hata kitendo cha kubonyeza kilifikiriwa upya. Kitufe cha Windows 95 kilizama kilipobonyezwa. Kitufe cha duara cha Material kilipanda kutoka 6 hadi 12, kikiinuka kukipokea kidole. Maamuzi yote mawili ni sahihi, kwa sababu kila moja lilitoka katika ulimwengu wenye kanuni zake na likazitii.

Ndani ya kanuni hizo bado kuna nafasi ya mkono wa mtu. Mafundi wazuri hawatumii kivuli kimoja. Huweka viwili au vitatu, kimoja kidogo na kizito karibu na ukingo, kingine kipana na hafifu, kwa kuwa ndivyo mianga miwili inavyofanya. Hawatumii weusi mtupu, kwani kivuli cha nje mchana huwa na ubuluu kutokana na anga, na kivuli juu ya karatasi ya kahawia huwa kahawia iliyokolea. Wanajua pia kwamba namba za skrini hazilingani na mwanga: pikseli nyeupe ina thamani 255, lakini yenye 128 haitoi nusu ya mwanga wake, hutoa karibu asilimia 22. Na kivuli hafifu kikitandazwa juu ya eneo pana, ngazi zake chache za rangi huonekana kama mistari ya mawimbi. Dawa yake ni kutawanya chembe ndogo zisizo na mpangilio ili jicho lisione ngazi inapoanza. Ni ile mbinu ya nukta za Macintosh, ikirudi kwenye skrini zenye mamilioni ya rangi.

Kivuli kina mahali kinaposhindwa, na kukisifu kwa haki ni kupataja. Juu ya uso mweusi hakionekani. Google ilipotoa mwongozo wa hali ya giza mwaka 2019, ilichukua kijivu kizito badala ya weusi kamili, na ikauonyesha mwinuko kwa kuuongezea uso weupe: asilimia 5 kwenye kipimo cha 1, 12 kwenye 8, 16 kwenye 24. Kilicho juu zaidi kiko karibu zaidi na taa, basi kinang'aa zaidi. Hapo napo kanuni ya mwanga ilitiiwa.

Mtindo ulioitwa nyumofizimu, uliovuma mwaka 2020, haukuwa na bahati hiyo. Ulitengeneza vitufe vya rangi ile ile ya ukuta, vikitofautishwa kwa kivuli hafifu upande mmoja na weupe hafifu upande wa pili. Picha zake zilipendeza sana. Lakini miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, toleo la 2.1 la mwaka 2018, inataka alama zinazokitambulisha kitufe zitofautiane na mazingira yake kwa uwiano wa angalau 3 kwa 1, na vivuli vile havikufika karibu na hapo. Mwenye uoni hafifu aliona ukuta mtupu.

Suala hili linawagusa watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Simu nyingi zinazotumika huku ni za Android, nyingi za bei nafuu, na hutumika nje: kwenye kibanda cha wakala wa fedha, juu ya pikipiki, sokoni, kituo cha daladala. Jua la saa sita mchana likiipiga skrini yenye mwanga mdogo, kivuli chenye mkolezo wa asilimia 10 hutoweka kabisa. Mbunifu aliyekiachia kivuli peke yake kazi ya kuonyesha kitufe cha kuthibitisha malipo amemwacha mteja akibahatisha. Kivuli kinapaswa kusaidiwa na mpaka, rangi, nafasi na maandishi yaliyo wazi, nacho kivisaidie hivyo.

Wakati huo huo, kazi yake inazidi kupanuka. Februari 2024 Apple ilianza kuuza Vision Pro, chombo cha kuvaa machoni kinachotundika madirisha ya programu ndani ya chumba halisi cha mtumiaji. Madirisha hayo hutupa vivuli kwenye sakafu na meza za kweli, ili jicho lijue dirisha liko umbali gani na lina ukubwa gani. Miaka arobaini baada ya ule mstari wa pikseli moja, swali ni lile lile: kitu hiki kiko wapi?

Vijana wanaosomea ubunifu wa programu katika vyuo vya ukanda huu wana uwezo wa kuifanya kazi hii vizuri kuliko wengi, nao wafundishwe kwa kuanzia kwenye mwanga, kabla ya namba. Wapewe karatasi, taa na kalamu, wachore kivuli cha kadi moja katika miinuko mitatu. Wachague upande mmoja wa taa na kuuandika mahali timu nzima itauona. Wakimaliza kubuni, walifute kabisa kila tone la kivuli na kuangalia kama kitufe bado kinatambulika, kisha wakirudishe na kuangalia kama sasa kinatambulika haraka zaidi. Watoke nje adhuhuri na simu ya bei ya chini kabisa waliyonayo na kuijaribu programu yao juani. Na kampuni zinazowaajiri ziwape muda wa kufanya hayo yote, kwa maana watakaovibonyeza vitufe hivyo ni watu wanaolipa ada za shule na kutuma fedha za dawa, na wana haki ya kujua wanagusa nini.